Yai la mbwa: Lichemshwe, lihesabiwe

Katika nyumba nyingi za Mtwara, kuanzia mitaa ya Manispaa ya Mtwara Mikindani hadi vijiji vya pwani vinavyopakana na Ghuba ya Mnazi, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mlo wake kwa kawaida hutoka jikoni mwa mwenye nyumba: ugali wa muhogo au wa mahindi, ukoko wa wali, mchuzi uliobaki na vichwa vya samaki.

Mlo huo humshibisha mbwa, lakini si lazima umjenge. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, chini ya gramu 3 katika kila gramu 100. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huongeza yai kwenye sahani ya mbwa, nao wana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Hata hivyo, yai hilo linaweza kuleta madhara endapo litatolewa ovyo.

Yai moja kubwa la kuku, lenye gramu 50 hivi bila ganda, lina takriban gramu 6 za protini, gramu 5 za mafuta na kilokalori zisizozidi 75. Aidha, lina vitamini A, D na B12, pamoja na madini ya seleniamu. Yai la kuku wa kienyeji huwa dogo zaidi, lakini ubora wake ni ule ule. Protini ya yai humeng'enywa kwa urahisi na mbwa wa umri wowote.

Kwa nini lipikwe

Wapo wanaoamini kuwa yai bichi humpa mbwa nguvu na kung'arisha manyoya. Ukweli ni kwamba ute mweupe wa yai bichi una protini iitwayo avidini, ambayo huishika vitamini iitwayo biotini na kuuzuia mwili usiitumie. Mbwa anayelishwa ute mbichi kwa wingi na kwa muda mrefu anaweza kunyonyoka manyoya na ngozi yake ikakauka na kutoa magamba. Yai bichi moja la siku moja haliwezi kuleta hali hiyo, kwa kuwa kiini chenyewe kina biotini nyingi. Lakini moto huiharibu avidini, na yai lililoiva humeng'enywa vizuri zaidi kuliko bichi.

Sababu kubwa zaidi inamhusu binadamu. Yai bichi linaweza kubeba vimelea vya salmonela. Mbwa aliyevimeza anaweza asioneshe dalili yoyote, ilhali anavitoa katika kinyesi chake uani, mahali wanapochezea watoto. Kwa hiyo kumchemshia mbwa yai ni kuilinda familia pia. Dakika 10 tangu maji yaanze kuchemka zinatosha kuliivisha hadi kiini kigande.

Yai lisikaangwe kwa mafuta mengi, kwani mafuta yanaweza kumletea mbwa maradhi ya kongosho. Lisitiwe chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa.

Kiasi gani

Mbwa wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15 huhitaji takriban kilokalori 850 kwa siku. Yai moja ni chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mahitaji hayo, na hicho ndicho kiwango kinachofaa kwa kitu cha kuongezea mlo. Mbwa mdogo wa kilo 5 apewe nusu yai au chini ya hapo. Mara ya kwanza apewe kipande kidogo na kuangaliwa kwa siku moja au mbili, maana wapo mbwa ambao yai huwaletea mwasho wa ngozi, kutapika au kuharisha.

Yai lililopasuka siku hiyo hiyo linaweza kutumika, mradi lipikwe mara moja. Yai linaloelea likiwekwa ndani ya maji limekaa muda mrefu, na lenye harufu mbaya litupwe, wala mbwa asifanywe jalala.

Ganda nalo lina kazi

Upungufu mkubwa katika mlo wa nyumbani usio na mifupa ni kalsiamu. Ugali, nyama na kiini cha yai vina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mtoto wa mbwa anayekua kwa mlo wa namna hiyo huishia kuwa na mifupa laini na matege. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Likioshwa, likachemshwa, likakaushwa na kutwangwa hadi kuwa unga laini, nusu kijiko cha chai hutoa takriban gramu moja ya kalsiamu, inayotosha kwa siku kwa mbwa mzima wa kilo 15.

Mbwa anayekula dagaa wazima tayari anapata kalsiamu ya mifupa, na anayekula chakula cha dukani kilichokamilika hahitaji nyongeza. Kwa watoto wa mbwa, hususan wa mbegu kubwa, kiasi kipangwe na daktari wa mifugo, kwani kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa.

Kasa si kuku

Mayai yanayozungumzwa hapa ni ya ndege wanaofugwa, kama kuku, bata na kanga. Katika fukwe za Msimbati, zilizomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kasa hupanda nchi kavu kutaga. Kasa na mayai yake wanalindwa na sheria, na mbwa wanaozurura ni miongoni mwa wanyama wanaofukua viota vyao. Mbwa wa kijiji cha pwani aliyeshiba na kufungwa usiku hataingia katika hasara hiyo.

Yai haliwezi kuchukua nafasi ya mlo kamili, wala ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na pale mayai yanapokuwa machache nyumbani, mtoto wa nyumba ndiye atangulizwe. Mbwa atajengwa na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kusagwa, na unga wa ganda la yai lile lile alilokula mtoto.