Muuza Gari na Mteja Wake Baada ya Mauzo: Haki na Ihsani

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI:
Nimenunua gari lililotumika, aina ya Noah, kwenye yadi moja hapa Tunduma ili nibebe abiria wa Vwawa. Siku ya pili injini ikaanza kuchemsha. Fundi amefungua akakuta silinda hedi ina ufa wa zamani uliozibwa. Muuzaji anasema aliniuzia "kama lilivyo", na sasa hapokei simu. Je, kidini bado ana jukumu kwangu?

JIBU:
Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndiyo, jukumu analo. Kupokea pesa hakumtoi muuzaji katika dhamana ya aibu iliyokuwemo kabla ya kukukabidhi gari. Ufafanuzi ni huu:

1. Kubainisha aibu ni wajibu
Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye nacho kwa kuuficha (Muslim). Vilevile alikataza kumfunga mnyama maziwa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike, akampa aliyedanganywa hiari ya kumrudisha. Anayerudisha nyuma kilomita za dashibodi, au anayeziba ufa wa injini, amefanya jambo la namna hiyo hiyo.

2. Neno "kama lilivyo"
Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama alivyoeleza Imam an-Nawawi katika Minhaj, sharti la kujivua na aibu humvua muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, si zaidi ya hapo. Gari si mnyama, na ufa uliozibwa si jambo ambalo aliyeuziba halijui. Kwa hiyo neno hilo halimkingi.

3. Hiari ya kurudisha
Mnunuzi ana hiari: alirudishe gari apewe pesa zake, au aridhike nalo. Lakini ana masharti yake:
- Arudishe mara tu anapoijua aibu, kadiri ya ada. Akiendelea kubeba abiria wiki nzima, haki ya kurudisha hupotea.
- Gari likipata aibu mpya mkononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Hapo wasipoafikiana vinginevyo, hudai fidia ya upungufu wa thamani uliotokana na ile aibu ya zamani (arsh).
- Kufungua injini hakukuondolei haki. Mafakihi wamesema hivyo kuhusu anayevunja yai au kupasua tikiti akalikuta bovu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuijua aibu hiyo.
- Mkihitilafiana kama aibu ni ya zamani au mpya, na hakuna ushahidi, husadikiwa muuzaji kwa kiapo chake. Kwa hiyo maelezo ya mafundi wawili waadilifu, yaliyoandikwa, yana uzito mkubwa.

Nauli ulizopata kabla ya kulirudisha ni zako, kwani faida hufuata dhamana.

4. Kadi ya gari
Tunduma ni mpaka na Zambia, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na magari mengi hupita hapo kwenda Zambia na Kongo. Kumuuzia mtu gari la IT ambalo ushuru wa hapa nchini haujalipwa, bila kumwambia, ni kumtumbukiza katika hasara na mikono ya dola. Muuzaji hajamaliza kazi mpaka mnunuzi awe na nyaraka safi za kubadilishia umiliki.

5. Ihsani
Hayo juu ni haki. Juu ya haki kuna fadhila: kupokea simu, kumwelekeza mteja kwa fundi mwaminifu, kumuuliza baada ya wiki gari linakwendaje. Na mnunuzi aliyejuta bila aibu yoyote hana haki ya kurudisha, lakini muuzaji akikubali kuivunja biashara (iqala), imepokewa na Abu Daud kwamba Allah humsamehe makosa yake. Wateja wengi wa mpakani ni wapita njia. Akishavuka Nakonde hutamuona tena. Uaminifu kwa mtu kama huyo ndio unaompambanua mfanyabiashara mkweli. Kumbuka pia kwamba breki mbovu uliyoificha itateremka mlima Senjele ikiwa na abiria.

6. Ufanye nini sasa?
Acha kulitumia gari. Mjulishe muuzaji leo, kwa ujumbe wa maandishi na mbele ya mashahidi. Akikataa, peleka jambo kwa imamu au wazee wa soko wawasuluhishe. Wakishindwa, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) inasimamia sheria hiyo. Kudai haki yako huko hakupingani na dini.

Na wewe muuzaji unayesoma haya: Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa, wakificha na kudanganya, baraka hufutwa (Bukhari na Muslim). Pesa huhesabika papo hapo. Baraka huonekana baadaye.

Wallahu a'lam.