Nywele kutoka mabaka mabaka: si kila kipara ni mapunye

Wadau, kuna vijana kibao wa miaka 14, 15, nywele zinawatoka sehemu moja moja kichwani. Mtaani jibu ni moja tu: mapunye hayo, paka dawa. Mimi si daktari, lakini hapo ndipo wengi wanapopotea.

Angalia kwanza ngozi ya hapo zilipotoka. Kama ina magamba, inawasha, na nywele zimekatika zikabaki vidoti vyeusi, kweli yanaweza kuwa mapunye. Ni fangasi, wanaambukizwa kwa kuchangia kitana, kofia au mashine ya kinyozi. Sasa hawa wanaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina, krimu haiwafikii. Ndiyo maana mtu anamaliza tyubu tatu na bado yapo. Inatakiwa dawa ya kumeza: griseofulvini, kama wiki 6 hadi 8 hivi (uinywe na chakula chenye mafuta, ndiyo inaingia vizuri mwilini), au terbinafini. Dozi inategemea uzito, kwa hiyo uandikiwe. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ni mtego, muwasho unatulia huku fangasi wanaendelea kujitanua. Na nyie wa maji ya betri, jamani, ile ni asidi! Inaunguza, na pakibaki kovu nywele hazioti tena.

Kama pako laini kabisa, hakuna magamba, basi mara nyingi ni alopesia areata. Hapo kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele zake yenyewe. HAIAMBUKIZI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mdogo wangu wa kidato cha pili wenzake bwenini walimkimbia, wengine wakasema karogwa. Wengi wenye baka moja au mawili zinaota zenyewe ndani ya mwaka. Hospitali wanaweza kukupa steroidi ya kupaka au kukuchoma sindano ndogo ndogo hapo hapo. Umeona? Dawa inayoharibu kule, huku ndiyo tiba.

Dada zangu, zikitoka pembeni ya paji la uso, ni misuko ya kubana. Fumua mapema zitarudi, ukiendelea miaka na miaka shina linakufa.

Ukiwa na wasiwasi, omba wakukwangue magamba kidogo wayaangalie kwenye hadubini. Zahanati wakishindwa, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.