Mbegu ya Mchicha Katika Viunga vya Dar es Salaam

Apitaye alfajiri katika njia ya Bagamoyo, toka Bunju kwenda mjini, huona mafungu ya mchicha yanapelekwa sokoni yangali na umande. Kadhalika upande wa Temeke, katika mabonde ya Mbagala na Toangoma. Mboga hiyo twaila karibu kila siku, wala hatuulizi mbegu yake imetoka wapi. Basi leo twapenda kusimulia habari ya mbegu, kwa kuwa ni habari ya zamani, na sehemu yake kubwa haikuandikwa vitabuni, bali ilikaa katika vibuyu vya bibi zetu.

Kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima, na kandokando yake mashamba ya Wazaramo na Washomvi. Mboga zao nyingine hazikupandwa hata kidogo. Mchunga na mlenda viliota vyenyewe baada ya mvua, na mwanamke mwenye akili hakuving'oa vyote alipopalilia. Aliacha mashina machache yazae na kudondosha mbegu kwa ajili ya masika yajayo. Kunde, bamia na nyanya chungu ndizo zilizotunzwa kwa mkono. Tunda zuri la nyanya chungu liliachwa mtini mpaka likawa jekundu, kisha likapasuliwa, mbegu zikaoshwa, zikachanganywa na majivu, zikaanikwa kivulini. Maganda ya kunde yalitundikwa juu ya meko ili moshi uwafukuze fukusi. Hilo ndilo lililokuwa ghala lao la mbegu.

Watu hupenda kusema kwamba mboga zetu zote ni za asili. Neno hili si sawa. Kunde na nyanya chungu asili yake ni Afrika kweli, lakini nyanya, pilipili na maboga vilitoka Amerika, na hata baadhi ya michicha tunayopanda ilitoka huko huko. Matango yalitoka Bara Hindi. Vimekaa nasi vizazi vingi, vikazoea jua letu na udongo wetu wa mchanga, navyo twaviita leo vya kienyeji. Twaona jina hilo lavifaa, maana mgeni akaaye mjini miaka mingi na kuzaa watoto humo ni mwenyeji.

Mbegu ya dukani ilikuja na Wazungu. Wadachi waliweka bustani ya kujaribia mimea mjini mwaka 1893, nao walitaka kula kabichi na karoti kama kwao. Hapo ikaonekana tofauti kubwa. Mimea hiyo haitoi maua mpaka ipatwe na baridi ya majuma kadhaa, na baridi hiyo pwani haipo. Kwa hiyo mkulima wa Kinondoni aweza kubahatika kuvuna kabichi, lakini mbegu yake hataiona. Sharti ainunue kila mwaka. Mchicha haumfungi mtu namna hiyo.

Mwaka 1948 mji wote ulikuwa na watu zapata 69,000, nao walilishwa na mashamba ya karibu. Hata mwaka 1974, njaa ilipoingia nchini, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini nao wakaambiwa washike jembe. Kabla ya hapo kidogo kilikuwa kimeanzishwa kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, katika Kigamboni iliyokuwa wakati huo sehemu ya Temeke, na jina lake maana yake ni ‘jaribu uone’. Katika miaka ya 1980 mishahara haikutosha hata nusu ya mwezi, na makarani kwa walimu wakapanda mchicha mbele ya nyumba zao. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa kukuza mboga mijini kwa msaada wa Ujerumani. Mbegu ikatakiwa sana.

Lakini tazameni hesabu yake. Mchicha wa kula huvunwa baada ya majuma matatu au manne. Mchicha wa mbegu hushika ardhi zapata miezi mitatu. Mtu alimaye kiwanja cha kuazima, asiyejua mwenyewe atakuja lini na matofali, atawezaje kungoja? Anang'oa, anauza, anakwenda kununua mbegu kwa mwingine.

Na kazi yenyewe yataka uangalifu. Chavua ya mchicha huchukuliwa na upepo, basi mchicha wa miba usiachwe karibu, wala aina mbili zisipandwe pamoja, la sivyo mbegu hugeuka. Mashina dhaifu na yasiyofanana na wenzake hung'olewa kabla ya kuchanua. Masuke yakipukuta kiganjani hukatwa, huanikwa juu ya mkeka, hupigwa, hupepetwa kwa ungo. Mbegu ni ndogo mno; gramu 1 yaweza kuwa na mbegu elfu na zaidi. Tena adui mkubwa wa pwani si ndege, ni unyevu wa hewa. Sisi wenyewe tuliwahi kujaza chupa nzima kwa furaha bila kukausha sawasawa, tukaifunga kwa nguvu. Tulipoimwaga tutani, haikuota hata moja.

Ndiyo sababu biashara ya mbegu ilikwenda Arusha, penye hewa kavu na baridi. Huko makampuni huwapa wakulima mbegu mama kwa mkataba: mkulima hupanda aina ile tu, mkaguzi huja shambani, na malipo hufuata mbegu iliyosafishwa na kupimwa kama yaota. Mwaka 1992 Kituo cha Mboga cha Dunia kilifungua tawi huko, kikakusanya mbegu za kienyeji na kuchagua zilizo bora. Mwaka 1997 zilitoka nyanya za Tanya na Tengeru 97, na baadaye mchicha wa Madiira. Mbegu ya kiganjani mwa bibi ikarudi kwetu ndani ya pakiti.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 yataka mbegu iuzwayo ithibitishwe. Twaona ina haki yake, kwa kuwa auzaye mbegu mfu huiba msimu mzima wa mtu. Tena pana njia kwa mkulima mdogo, yaani mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo huzizalisha na kuziuza karibu na kwake. Lakini nayo ni kwa aina zilizoandikishwa. Nyanya chungu ya kijiji kimoja, isiyo na jina ila la mama aliyeileta alipoolewa, kampuni haiitaki kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Naye akifa, nayo yafa.

Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, aliliona jambo hili mapema. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, mwaka 1927 akafika hata Uhabeshi. Yeye alifia gerezani mwaka 1943, na katika siku zile zile mji wa Leningrad ulipozingirwa vitani, baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa kati ya magunia ya mchele na ngano wasiyokubali kuila, maana ilikuwa mbegu.

Hapa kwetu iko hazina ya taifa ya mbegu, nayo iko Arusha. Dar es Salaam sasa ina watu zaidi ya milioni 5, na viwanja vya Bunju na Toangoma vinajaa nyumba mwaka hata mwaka. Hata hivyo mwenye macho huona bado, pembezoni mwa tuta lililokwisha kuvunwa, mashina matatu manne ya mchicha yameachwa, marefu kama mtu, yamekauka majani. Mpita njia hudhani mwenye shamba ni mvivu.