Flaviana Matata na Kichwa cha Shule

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili hapa Mpanda, na Jumapili moja kila mwezi shangazi aliniketisha kwenye kigoda uani akaninyoa. Mkasi kwanza, halafu wembe wa kusafishia kisogoni. Sheria ya shule ilisema nywele zisishikike kwa vidole. Aliyejisahau, mwalimu wa zamu alimpitishia mkasi katikati ya kichwa, barabara moja tu, akarudi nayo nyumbani watu wote waione. Kwa hiyo ukipita sokoni hakuna aliyehitaji kuuliza: kichwa kile kilisema wewe ni mwanafunzi. Mrembo alikuwa yule dada aliyemaliza shule, mwenye rasta hadi mabegani, anayenukia mafuta ya saluni. Sisi tulikuwa tunasubiri zamu yetu.

Mwezi wa sita mwaka ule likatufikia gazeti lililokwisha kuzunguka mikono mingi. Ndani yake kulikuwa na picha ya msichana mrefu, mweusi, shingo kama ya twiga wa Katavi, na kichwani hana hata unywele mmoja. Nililiweka mbele ya bibi. Aliitazama picha kwa muda, akauliza, "Huyu mtoto kafiwa na nani?"

Tulicheka sana. Bibi alikuwa anasoma alichokijua: mfiwa hunyolewa matanga yanapoanuliwa. Mimi nilikuwa nasoma nilichokijua mimi, yaani kichwa cha shule. Ila huyu wa kwenye picha hakuwa na sare. Alikuwa na gauni la jioni, na chini ya picha paliandikwa kwamba alikuwa ameiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe.

Jina lake Flaviana Matata. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1987, akasomea uhandisi wa umeme Chuo cha Ufundi Arusha. Mwaka 2007 ndipo shindano la Miss Universe Tanzania lilipofanyika kwa mara ya kwanza, chini ya Maria Sarungi Tsehai, na Flaviana akalishinda akiwa na kipara. Tarehe 28 Mei mwaka huohuo, Mexico City, walipanda jukwaani wasichana 77 kutoka duniani kote. Taji lilikwenda kwa Riyo Mori wa Japani. Lakini katika kumi bora, kati ya nywele ndefu zilizopulizwa dawa zisipeperuke, kilikuwemo kichwa kimoja kilichonyolewa, na kilitoka kwetu.

Waliomwandika nje walimwita jasiri. Sipingi. Ila kila ninaposoma neno hilo najiuliza: jasiri kwa kipi? Kichwa kile walikuwa nacho maelfu ya wasichana kuanzia Mpanda hadi Mtwara. Ili kujibu inabidi turudi nyuma miaka arobaini hivi, kwenye miezi miwili iliyofuatana.

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililokuja kujulikana kama Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vilipigwa marufuku vimini, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa: tumejitawala, mbona tunajivika ukoloni kichwani? Hoja hiyo ina uzito, na hadi leo ukimwona mtu kaunguza uso kwa mkorogo unaielewa. Lakini hata kabla ya tarehe kufika, vijana waliwavamia wanawake waliovaa vimini pale Kariakoo. Kwenye kurasa za barua za magazeti kukazuka mabishano makali. Wapo waliouliza kwa nini utamaduni wa taifa umekaa kwenye mapaja na nywele za wanawake, ilhali suti na tai za wanaume nazo zilikuja na meli. Shindano la Miss Tanzania, lililoanza mwaka 1967, nalo likafungiwa. Lilirudi mwaka 1994.

Novemba 1968, mwezi mmoja baada ya azimio lile, jarida la Ladies' Home Journal la Marekani lilitoka na sura ya mwanamke mweusi kwenye jalada kwa mara ya kwanza. Alikuwa Naomi Sims, binti aliyezaliwa Mississippi na kulelewa Pittsburgh kwenye familia za walezi. Mawakala wa wanamitindo walikuwa wamemkataa, wengine wakimwambia wazi kuwa ni mweusi mno. Akaamua kuwaruka. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga picha Gosta Peterson, na Agosti 1967 akatokea kwenye jalada la toleo la mitindo la New York Times. Kisha akasambaza nakala za toleo hilo kwa kampuni za matangazo, zikiwa na namba ya simu ya wakala. Simu zikaanza kulia. Mwaka 1969 alikuwa kwenye jalada la Life.

Halafu mwaka 1973, akiwa bado anatafutwa, Naomi Sims aliacha kazi ya kupigwa picha akafungua biashara. Biashara ya nini? Mawigi, jamani. Mawigi ya wakati ule yalitengenezwa kwa nywele za Wazungu, na mwanamke mweusi akivaa yalimkataa. Naomi alijaribu nyuzi bandia kwenye tanuri la jikoni kwake hadi akapata zinazofanana na nywele za watu weusi zilizonyooshwa.

Nilipoliweka jambo hili karibu na Operesheni Vijana, nilikaa nalo siku kadhaa. Dar es Salaam wigi lilikuwa kosa dhidi ya Uafrika. New York wigi lilikuwa mtaji wa mwanamke mweusi aliyekataa kutegemea jicho la mpiga picha. Kitu kilekile! Kwa hiyo tatizo halikuwa wigi, na wala halikuwa kipara. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua. Naomi alikiamulia kichwa chake na biashara yake. Wanawake wa Kariakoo waliamuliwa na kikao.

Na sisi wa shule? Sheria za kunyoa tumeelezwa kwa sababu nzuri nyingi: usafi, usawa kati ya mwenye hela ya saluni na asiye nayo, kutopoteza muda wa kusoma. Nyingine ni za kweli. Shangazi asingeweza kunilipia msusi kila wiki mbili. Lakini hakuna aliyetuuliza. Ndiyo maana siku ya kumaliza kidato cha nne wengi wetu tulikimbilia dawa ya nywele kama mtu aliyefunguliwa mlango. Tulifundishwa bila maneno kwamba nywele zetu zilivyo ni adhabu, na urembo ni kile kinachoongezwa juu yake baadaye.

Hapo ndipo naona alichofanya Flaviana. Hakuwa Mwafrika wa kwanza kwenye ulimwengu wa mitindo, wala wa kwanza mwenye kichwa kama kile. Elizabeth wa Toro, mwanasheria kutoka Uganda, alianza London mwaka 1967. Iman, mzaliwa wa Mogadishu, alitolewa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975. Alek Wek, kutoka Sudan, alikaa kwenye jalada la Elle ya Marekani Novemba 1997 akiwa na nywele fupi kabisa. Lakini Flaviana alisimama na utepe ulioandikwa Tanzania, mtu mzima ambaye hakuna mwalimu wa zamu wa kumkagua, na akakichukua kichwa cha shule kuwa chake.

Nisimpambe kupita kiasi. Jukwaa la Mexico nalo lina mizani yake, na majaji wake nao hupima miili ya wasichana kwa macho yao. Baada ya hapo alifanya kazi Afrika Kusini, kisha New York, kazi ambayo sura yako ni bidhaa na anayenunua ndiye anayechagua. Kuamua juu ya kichwa chako si kuamua juu ya kila kitu.

Kuna jambo nililikuta miaka mingi baada ya lile gazeti. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mmoja wao alikuwa mama yake Flaviana. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka tisa. Usiku ule wa Mexico ulikuwa miaka kumi na moja na wiki moja tangu msiba. Sisemi kwamba alinyoa kwa sababu hiyo. Ila nilimkumbuka bibi na swali lake, na safari hii sikucheka. Flaviana baadaye alianzisha taasisi yenye jina lake, inayosaidia wasichana kusoma, pamoja na kuwapatia taulo za kike ili wasikose masomo. Yaani wanaosaidiwa ni watoto wenye kichwa kilekile.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kibanda cha kinyozi hapa mjini nikisubiri mtoto wa dada yangu anyolewe, maana shule zinafunguliwa. Mashine ilikuwa inanguruma, naye kakunja uso. Nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya mwaka 2007. Akaishika simu, akaikuza kwa vidole.

"Mama mdogo, huyu naye alilazimishwa?"

Nikamwambia hapana, alitaka mwenyewe.

Akajiangalia kwenye kioo, akageuza shingo kushoto, kulia. Kisha akamwambia kinyozi, "Hapa nyuma bado. Rudia vizuri."