Ua Lililoondoka, Mkonge Ulioingia

Ukishuka kutoka Mlalo, ukapita Mng'aro, baridi inakuacha njiani. Ukifika Mnazi unavua sweta. Nyuma yako milima ya Usambara imesimama kama ukuta, mbele yako ni tambarare ya Umba, jua na mkonge. Ni hapa Mnazi, uani kwa shangazi yangu, nilipolikuta ua lililonifanya niandike insha hii. Lilikuwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

"Shikamoo shangazi. Hili ua gani?"

"Marahaba mwanangu. Ua la mawe hilo, la huko juu. Lishanifia mara mbili, hili la tatu."

Majani yake manene yana vinyweleo laini, yamelala duara. Katikati vimechomoza vijiua vya zambarau vyenye jicho la njano. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nimeshaliona kwenye kalenda ya Ulaya, nikadhani ni la kwao. Kumbe! Wajerumani wenyewe mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Wao wanataja kwetu kila wakilinunua. Sisi je?

Basi, msomaji, hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1889 Wajerumani walimnyonga Bushiri kule Pangani. Miaka mitatu tu baadaye, 1892, mkuu wao wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la kwetu. Lilikuwa likiota kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, na juu zaidi katika misitu ya Usambara. Baba mtu alikuwa mpenzi wa mimea, akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la kisayansi: Saintpaulia ionantha. Yule bwana na baba yake wakapata ukumbusho. Msambaa hayumo ndani ya jina hilo, wala Mdigo, wala Mbondei.

Sasa angalia mwaka huohuo, 1893. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, na ilipofika Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote ya mkonge unayoyaona kutoka Tanga hadi hapa Mnazi. Ua likatoka, mkonge ukaingia, karibu kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

Mkonge tunaujua. Ulileta watu kutoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu mtu alikuwa namba kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na bei nayo ikaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni. Watoto wa Mnazi wameyasikia haya kwa babu zao.

Lakini lile ua liliishia wapi? Halikuwa rahisi kufugwa. Hapo mwanzo lilitunzwa na wenye vibanda vya vioo vyenye joto. Mwaka 1927 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles ilikuwa imeotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza. Katika miche kama elfu moja wakachagua, wakachuja, wakabaki na aina 10. Moja waliiita Blue Boy. Kufikia 1946 wapenzi wake Marekani walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao. Ua la mawe likawa ua la dirishani, la akina mama wa Chicago na London, nalo likawa biashara nono.

Siri yao ilikuwa nini? Nilipomsikiliza shangazi nikaona kwamba naye, bila kitabu, alifika palepale.

La kwanza lilimfia kwa jua. Alilianika kama mchicha, na hili limezoea kivuli cha msitu. La pili alilizamisha kwa maji. Kule kwenye mwamba maji hupita tu, hayatuami, na mizizi yake myembamba ikikaa kwenye tope inaoza. Tena ukilimwagia maji ya baridi juu ya majani, yanatoka madoa.

La tatu hakung'oa huko msituni. Jirani wa mlimani alimpa jani moja tu, na jani hilo ukilisimamisha kwenye mchanga wenye unyevu linatoa miche mipya. Shangazi akatoboa kopo chini, akaweka kokoto, kisha udongo mwepesi wa majani yaliyooza uliochanganywa na mchanga wa mtoni. Akaliweka upande wa mtungi, pasipofika jua la mchana. Maji anatia kwenye kisahani, linakunywa lenyewe kutoka chini.

"Mwanangu, nimelitengenezea mlima ndani ya kopo," aliniambia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huwezi kulifuga ua hili bila kujua lilikotoka. Ukilisahau jiwe lake na kivuli chake, linakufa mikononi mwako, hata kama unalipenda. Na jiwe lenyewe halina kivuli cha milele. Msitu ukikatwa, jua likapiga mwamba, ua la porini linakauka, wakati ndugu zake wa dirishani Ulaya wananawiri. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa huko Usambara Mashariki. Hiyo ni hatua, ila hifadhi hailindi kumbukumbu.

Jina nalo halikudumu. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliliingiza ua hili katika jenasi ya Streptocarpus, na Saintpaulia ikabaki jina la tawi tu. Jina la mkubwa limeshushwa cheo. Usambara bado ipo.

Wewe kijana mwenzangu unayeshika kalamu, usingoje kalenda ya Ulaya ikuambie cha kwenu ni kipi. Nenda kwa shangazi yako. Muulize lile kopo uani lina nini, nani alimpa jani, na la kwanza lilikufa kwa nini. Kisha andika, na jina lake uliweke.

Mimi nilipoondoka Mnazi nilipewa jani moja, limefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Sasa lipo kwenye kopo, nyuma ya mlango, kivulini. Bado halijatoa ua. Nimeshaanza kutoboa kopo la pili.