Miguu na Baiskeli Tunazo, Maji Tulinyimwa

Asubuhi ya Jumapili, kwenye barabara ya Kambove, utawakuta vijana wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, wanaopanda vilima kwa baiskeli bila kushuka, na wengine wanaokimbia kutoka Kikula hadi Panda na kurudi kabla ya misa. Ukiwaambia kwamba kuna mchezo unaounganisha baiskeli na mbio, macho yao yanawaka. Ukiongeza kwamba mchezo huo unaanzia majini, wengi wanarudi nyuma. Nimewasikia wageni, na wenyeji pia, wakisema kwamba watu wa bara hatukuumbwa kwa kuogelea. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, hapa hapa Likasi, na nimemaliza triathloni ya masafa marefu kule Rubavu, Rwanda. Maneno hayo nayakataa, na ushahidi wangu ni historia ya mji huu.

Mashindano ya Rubavu yalianza Agosti 2022, kwenye mwambao wa ziwa Kivu: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli, 21.1 za kukimbia. Hiyo ni nusu ya ile safari nzima iliyobuniwa Hawaii. Kule, Februari 1978, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, alichukua mashindano matatu yaliyokuwa yanafanyika kila moja peke yake katika kisiwa cha Oahu, ya kuogelea, ya baiskeli na ya marathoni, akayaunganisha kuwa ya siku moja. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Gordon Haller, mshindi wa siku ile, alitumia karibu saa kumi na mbili. Hawakuwa watu wa kulipwa kwa michezo. Walikuwa na kazi zao. Kilichonivutia katika habari hii ni kwamba Oahu haikuagiza kitu kutoka nje. Ilitazama kilichokuwepo na kukiunganisha. Nami nikaanza kujiuliza Likasi ina nini.

Miguu ilitangulia. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Shaba ilikuwepo, wafanyakazi hawakutosha. Mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watu, na watu wakatafutwa mbali: Luapula, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, baadaye hata Ruanda-Urundi. Wengi walifika relini kwa miguu. Babu yangu alitoka upande wa Kamina kabla reli ya kuvuka Bukama kuelekea Kasai haijakamilika mwaka 1928; alitembea hadi Bukama, akapanda behewa, akashuka Panda. Sitaki mtu apambe safari ile. Kuajiriwa kulikuwa na mkono wa serikali na wa machifu nyuma yake, na watu walikufa njiani na katika kambi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo, ikatoa mikataba ya miaka mitatu na kuruhusu wake na watoto, kwa sababu kuleta watu wapya kila mara kulikuwa na gharama kubwa. Ndivyo ukoo wetu ulivyobaki. Mji ukapewa jina la Jadotville mwaka 1931, kwa heshima ya Jean Jadot wa Société Générale, na hakuna aliyewauliza waliotembea.

Baiskeli ilikuja na mshahara. Aliyemaliza mkataba alitamani kurudi kijijini na vitu vinavyoonekana: cherehani, gramafoni, na juu ya vyote baiskeli, ambayo wazee wa kwetu waliiita kinga. Babu aliinunua, akaitunza kwa mafuta na kitambaa, na baba yangu alijifunzia juu yake akipitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno. Barabara waliyoiendea, ile ya Élisabethville, inajulikana hata na watu wasiojua kwamba Likasi ipo. Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa Jadotville na jeshi la Katanga iliyojitenga. Wenzao waliotoka Élisabethville kuwaokoa walizuiliwa kwenye daraja la Lufira, na waliozingirwa wakaishiwa risasi na maji, wakajisalimisha. Leo sisi waendesha baiskeli tunapofanya safari ndefu ya kuelekea Lubumbashi, ndiyo Élisabethville ya zamani, kilomita kama 120, tunapita Lufira, na mimi husimama pale kujaza chupa.

Lakini mabingwa wa barabara ile si sisi wenye kofia za plastiki. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka, na Gécamines, iliyorithi Union Minière mwaka 1967, ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha kwa miezi zaidi. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Familia nzima nzima zililala kituo cha reli cha Likasi zikingoja treni, na wengine walikufa pale pale. Nilikuwa mtoto, na darasa langu lilibaki na madawati matupu. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za kuondoka, baba yangu akiwa mmoja wao. Fedha ziliisha. Kilichobaki kutulisha kilikuwa baiskeli: alikwenda porini kununua makaa, akafunga magunia nyuma na pembeni kwa mipira, akayasukuma kupanda kila kilima na kuyashika kwa nguvu zote kuteremka. Kazi hiyo inaendelea. Mwaka jana nilimpita mmoja wa wanaoifanya kwenye mwinuko, akanitazama nilivyovaa, akaniuliza kwa sauti ya heshima:

— Papa, hiyo kinga yako haibebake hata mufuko moja?

— Haibebake, yaya. Ni ya mashindano.

— Basi unifunge kamba, tupande wote.

Nikashuka, nikasukuma naye hadi juu. Mapaja yangu yalitetemeka. Yeye alikuwa anaongea habari za bei. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba michezo ya ustahimilivu ni ya matajiri wa Ulaya, namwelekeza kwenye barabara ile alfajiri.

Sasa maji. Hapa ndipo mji wetu ulipopasuliwa kwa makusudi. Kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza Shituru mwaka 1929, na umeme ukaja mwaka 1930 kutoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Lufira. Ukuta uliojengwa pale kwa ajili ya umeme huo ulizuia mto, tambarare ikafurika, na ziwa Tshangalele likazaliwa, pana na la kina kifupi. Kwa hiyo hatukukosa maji. Tulikuwa na ziwa zima lililotengenezwa na mikono ya babu zetu. Kuogelea kama mchezo wenye mwalimu, saa na mistari, kuliwekwa kwingine: katika mabwawa ya miji ya Katanga yaliyojengwa kwa ajili ya Wazungu, ndani ya mitaa ambayo Mwafrika aliingia kwa kazi na kutoka jioni. Kampuni haikuchukia michezo. Iliwapa wafanyakazi mipira, viwanja, bendi, maskauti, kwa kuwa mpira wa miguu uliwaweka vijana mbele ya macho ya wakubwa. Bwawa ni kitu kingine. Bwawani watu huvua nguo na kugusa maji yale yale, na utawala wa rangi haukuweza kuvumilia hilo. Baada ya uhuru makada Waafrika waliingia kwenye vilabu vya zamani. Mtoto wa mfanyakazi wa kawaida alibaki nje ya uzio. Mtoto ambaye baba yake hakuogelea hafundishwi na baba yake. Kizazi hadi kizazi, marufuku ikageuka kuwa tabia, na tabia ikaanza kuitwa maumbile.

Yaliyofuata yalitia uchungu juu ya uchungu. Mito inayopita mjini, Panda na Buluo, ilibeba mabaki ya viwanda hadi Lufira na Tshangalele, na watafiti wamekuta shaba na kobalti katika matope na samaki wa ziwa lile. Mzazi anayemkataza mwanawe kuingia Buluo ana haki kabisa. Mimi mwenyewe nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, mbali na mdomo wa mto huo, na mwalimu wangu alikuwa mvuvi wa Tshangalele. Yeye na wanawe wanaogelea tangu wadogo, vichwa nje, macho kwenye wavu, na wanaweza kufanya hivyo mchana kutwa. Wao ni watu wa bara kama mimi. Alinifundisha kwanza kulala juu ya maji bila kupigana nayo. Namna ya kuvuta pumzi kwa upande nikaiongeza baadaye. Ziwa Kivu lilinipokea vizuri kwa sababu ya saa zile za mafunzo. Katikati ya kundi la waogeleaji, mikono ya watu ikinipiga mabegani, niliendelea kuhesabu pumzi kama alivyonizoeza, nikatoka majini na nguvu za kutosha kwa kilomita 90 za vilima.

Siwezi kungoja Rubavu ituandalie kila kitu. Kilomita 180 za baiskeli za Hawaii ni karibu sawa na kutoka Likasi hadi Kolwezi. Kwenda Kambove na kurudi ni kama 50, nazo zinawatosha wanaoanza. Kukimbia tunaweza kupita jumuiya zote nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, mbele ya kambi zile zile za wafanyakazi. Kwa upande wa ziwa, kampuni zinazochimba sasa zitangaze hadharani vipimo vya maji, mwezi kwa mwezi, ili tujue ni ukingo upi ulio salama. Na Kikula lijengwe bwawa moja la mita 25, lenye mwalimu wa kulipwa na mlango usioulizia baba wa mtoto anafanya kazi gani. Nimekwisha kumwomba yule mvuvi aje kufundisha. Amekubali, kwa sharti kwamba wasichana waanze.