Mazinde: Kijiji cha Korogwe kilichoizidi nguvu Vuga

Mazinde iko Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Basi likishatoka Mombo, halichukui muda kupita hapo, na abiria wengi hata hawageuzi shingo. Lakini miaka 150 iliyopita, bwana wa Mazinde alikuwa na sauti kuliko mfalme wa Wasambaa aliyekaa Vuga, juu milimani.

Jiografia yake

Kijiji kiko tambarare, kwenye bonde la Mto Mkomazi, chini kabisa ya Usambara Magharibi. Hapo milima inapanda ghafla, zaidi ya mita 1,000. Juu kuna baridi na mvua, chini kuna joto na ukame. Wasambaa huyaita maeneo haya ya chini nyika, na zamani wengi hawakupenda kuishi huko.

Usichanganye na Mazinde Juu. Hiyo iko mlimani, Wilaya ya Lushoto, na inajulikana kwa shule yake ya wasichana.

Semboja ashuka mlimani

Mfalme Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, alifariki mwaka 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, hakukubali.

Semboja aliweka makao yake Mazinde kwa sababu moja kubwa: njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita hapo. Pembe za ndovu na watumwa walielekea pwani, bunduki na vitambaa vikaja bara. Mwenye bunduki ndiye mwenye jeshi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimtimua Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu. Yeye mwenyewe akabaki Mazinde, karibu na biashara.

Ushindi huo uliwagharimu watu wa kawaida. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea miaka mingi, na mateka waliuzwa utumwani.

Mjerumani, reli na mkonge

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vuga, wakamsimika Kinyashi, mtoto wa Shekulwavu. Ukoo ulioshindwa ukarudi, ila sasa chini ya mkoloni.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikapita Mazinde kuelekea Moshi. Mombo ikawa mlango wa kupandia Lushoto, na mpaka leo ndiyo yenye pilikapilika.

Bonde lenyewe likageuka nchi ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Manamba walitoka mikoa ya mbali kuja kukata majani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, bei ikaporomoka kwa ushindani wa kamba za plastiki, na vijiji vingi vya bondeni vikakosa ajira.

Leo

Barabara inafuata bonde lilelile la misafara, na reli iko pembeni yake. Kilichobadilika ni kwamba zamani misafara ilisimama Mazinde na kutoa hongo. Siku hizi magari yanapita tu.